Siku Arobaini na Tisa za Kula Mboga

Bangkok, Machi 8, 2004

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na masikio hayajazidi kuziba. Mimi mzima. Nalala, naamka, naoga, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo, sina.

Leo ni siku ya saba. Najua asubuhi mlikwenda pagoda, wewe na Baba Mdogo Luong, na mtawa amelisoma jina la marehemu mdogo wangu Khai. Saa ile ile nilisimama dirishani hapa hotelini nikalitaja na mimi, kwa sauti. Halafu nikashuka kula kifungua kinywa, kwa sababu kula ndiyo kazi yangu.

Nadhiri nimeishika kama tulivyoahidiana mbele ya jeneza. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai, mpaka siku ya arobaini na tisa. Tena kwa kweli sijui kama kuna mtu ambaye kazi yake imeelewana na nadhiri yake kama mimi. Unakumbuka nilivyokuambia kuhusu safari za Bi Hanh, bosi wangu. Mabibi zake wa Saigon watakuja kuhiji mahekalu ya huku mwezi wa sita, nami nimetumwa kutangulia, nitafute migahawa ya kifahari watakayokula. Mabibi wale wanasali na hawagusi nyama, lakini kitambaa cha meza kiwe cheupe kimepigwa pasi, na mhudumu ainame. Vibanda vya mboga vya mtaani, vyenye bendera za njano na chakula safi kabisa, hawavitaki. Wanasema pale kuna nzi. Basi mimi naingia kwenye vyumba baridi ambako watu wananong'ona, nauliza, "Mna nini kwa mtu asiyekula nyama?"

Mgahawa wa kwanza waliniletea majani. Wa pili, uyoga. Wa tatu, uyoga umefichwa ndani ya kitu. Wa nne, mhudumu aliinama vizuri sana akasema, "Tuna kuku, Madamu." Nikamwambia sili kuku. Akasema, "Naelewa, Madamu. Huyu ni mdogo tu." Khai angecheka mpaka aanguke kitini. Mimi niliandika kwenye daftari: wa nne, hapana.

Jambo moja tu. Chakula hakina ladha. Sisemi ni kibaya. Nakiweka mdomoni, nakitafuna, nakimeza, na hakuna kinachotokea. Labda ni hewa ya humu ndani.

Nisalimie Baba Mdogo.

Mwanao,
Nhan


Hue, Machi 16, 2004

Nhan mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Mgongo ni ule ule. Masikio ndiyo basi tena. Kengele ya pagoda sasa naiona tu ikitikisika. Wala si hasara. Watu wanakuja kunipa pole, wanasema, wanasema, mimi natikisa kichwa. Wakiondoka nashukuru kwamba sikusikia. Wewe endelea kuandika, usinipigie simu kwa jirani. Ile simu mimi naishika tu kama mtu aliyeshika kiatu.

Leo siku ya kumi na tano. Kila ninapopika natangulia kumtengea Khai, bakuli lake na vijiti vyake, mbele ya picha. Namwambia kilichomo. Leo tofu na mboga za maji. Jana tofu na mboga za maji. Bi Thuoc wa nyumba ya pili ameniandikia kwenye kiganja, "Siku zinakwenda mbio." Nilitamani kumchapa na ufagio.

Sasa nisikilize. Ulikaa siku tano. Sitaki kugombana kwenye karatasi, lakini nasema, siku tano. Hata udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Watu wameniuliza binti yuko wapi. Nikawaambia ana kazi. Kazi gani? Kula. Wakatazamana. Ningefanyaje? Ndiyo kazi yenyewe.

Lakini yamepita. La muhimu ni hili. Mtawa alitueleza mbele yako. Siku arobaini na tisa yuko njiani, hajapata mwili mpya wa kuingia, na tunachokitia mdomoni sisi ndicho kinachomsukuma au kumkwamisha. Hana mke, hana mtoto. Ana wewe na mimi, basi. Mmoja wetu akiteleza ni sawa na kumkata mguu. Kwa hiyo usiwaamini hao wa vitambaa vyeupe. Nyumba ikiwa na mapazia mengi jua kuna kitu hawataki ukione. Ingia jikoni mwenyewe. Funua masufuria. Nusa.

Kuhusu ladha, hata mimi. Nilidhani ni chumvi ya dukani imebadilika.

Mama yako


Bangkok, Machi 24, 2004

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umeinama unafua. Baba Mdogo afue mashuka, ana mikono miwili. Mimi mzima.

Siku ya ishirini na tatu leo. Nimekwisha kula katika migahawa kumi na tisa na sita inafaa. Naingia jikoni kama ulivyosema. Mpishi mmoja Mfaransa alinifukuza na kitambaa. Mwingine alinikaribisha kwa bashasha, akanionyesha sufuria la supu ya mboga. Nikafunua, nikakuta mfupa wa nguruwe unaelea. Nikasema, huu nini? Akasema, "Huo hatuupakui, Madamu." Sikukasirika hata kidogo. Niliandika nikaondoka. Bi Hanh amenisifu kwa simu, eti nimekuwa makini siku hizi. Mama, mimi si makini. Sina ninachokitaka tu, ndiyo maana sidanganyiki.

Ila kuna mgahawa mmoja. Uko ng'ambo ya mto, nyumba ya zamani ya mbao, meza kumi na mbili, na mtu anaweka nafasi wiki mbili kabla. Mpishi ndiye mwenye mgahawa, anaitwa Bi Rampai, umri kama wako, mnene, hacheki. Siku ya kwanza nilionja nikarudisha bakuli limejaa. Ya pili vile vile. Akatoka jikoni, akanisimamia mezani, mikono kiunoni.

"Chakula changu kina nini?"

Kithai changu ni cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa. Nikamwambia, "Hakina kitu, Bi. Ni mimi."

"Na wewe una nini?"

Nikamwambia mdogo wangu amegongwa na lori mlimani Hai Van, ana miaka ishirini na minne, nami nakula mboga kwa ajili yake. Sijamwambia mtu mwingine yeyote hapa. Akasema "Ah," akarudi jikoni.

Siku ya tatu nikaletewa supu ya ua la mgomba, tui la nazi, mchaichai na ukwaju. Ile ile ya siku mbili zilizotangulia. Nikanywa kijiko kimoja. Mama, ilikuwa na ladha! Ilinishika hapa pembeni mwa taya mpaka nikafumba macho. Nikaanza kulia palepale, juu ya kitambaa cheupe, na wazungu wa meza ya pili wakageuka. Sikujali. Nililia na kunywa mpaka bakuli likawa jeupe. Tangu tumzike sikuwa nimelia, labda uliona.

Nimerudi mara tatu tangu siku hiyo. Naandika kwamba ni kazi, lakini si kazi. Pale ndipo ninapomkumbuka Khai, sauti yake na vidole vyake vyenye grisi. Kwingine kote najua tu kwamba amekufa, kama ninavyojua jina la mtaa ninaokaa.

Mwanao,
Nhan


Hue, Aprili 1, 2004

Nhan,

Marahaba, marahaba mara mbili. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, sikungoja hata kuingia ndani. Mgongo haujambo.

Niliona kwamba hukulia. Sikusema kwa sababu mimi mwenyewe sikulia, na watu walikuwa wakitutazama sisi wawili kama waliokuja kuangalia mchezo na mchezo hauanzi. Baba yako mdogo ndiye aliyelia kwa niaba ya ukoo mzima. Sasa wewe umelia, basi angalau mmoja.

Kula, mwanangu. Nenda kwa huyo Bi Rampai kila siku ukiweza. Nilikuwa na hofu na hao wapishi wako, lakini huyu mwanamke ana roho. Mtu akitoka jikoni kuuliza kwa nini mgeni hali, huyo si mfanyabiashara tu.

Nimefanya jambo. Niliichukua barua yako nikaenda nayo jikoni, nikapika hiyo supu. Ua la mgomba nilikata la kwetu uani. Tui nilikamua mwenyewe. Nilimtengea Khai, nikamwambia, leo si tofu, leo unakula anachokula dada yako Bangkok. Halafu nikaonja yangu. Ilikuwa maji ya moto tu. Lazima nimekosea kipimo. Muulize Bi Rampai anatia nini cha mwisho, kabla ya kupakua, maana siri ya mpishi huwa hapo.

Leo siku ya thelathini na moja. Zimebaki kumi na nane. Bado wiki tatu pungufu. Sijui kwa nini nakuandikia hesabu, unaijua.

Mama yako


Bangkok, Aprili 9, 2004

Mama,

Shikamoo. Sijui kama uko mzima na leo naogopa kuuliza. Barua yako nimeipata juzi. Tafadhali soma hii umekaa.

Jana nilikwenda kwa Bi Rampai kumaliza ukaguzi. Kanuni yangu kabla ya kuuweka mgahawa kwenye orodha ni kwamba mpishi anapika mbele yangu, kuanzia sufuria likiwa tupu. Akakubali. Akapika supu. Nilisimama karibu yake kuanzia kitunguu mpaka mwisho, na hakuna alichokificha. Akanipakulia, nikaonja.

Hakuna kitu. Karatasi.

Nikamwambia, "Bi, hii siyo."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo. Mama yangu ananiuliza unatia nini mwisho."

Akanitazama. Halafu akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashusha chupa, akatia matone mawili bakulini mwangu. Akaikoroga kwa kijiko. "Haya. Sasa je?"

Mama, yalikuwa maji ya samaki. Yale yale ya kwetu, ya dagaa waliolala kwenye chumvi mwaka mzima. Harufu ya jikoni kwako. Nimekulia ndani ya harufu ile, na katika mabakuli yote yale sikuitambua.

Nilipiga kelele. Wasaidizi wake wote waligeuka. Nikamwambia amenivunjia nadhiri, amemkwamisha mdogo wangu njiani, yeye ni mwanamke gani? Akaningoja nimalize. Akasema, "Sufuria la mabibi zako ni safi. Naapa kwa mama yangu, tone halikuingia humo. Nilitia kwenye bakuli lako peke yake. Ulikuwa unakauka mbele ya macho yangu, binti, na mimi sijui kumtazama mtu akikauka. Kwetu mfiwa haachwi bila chumvi. Kama ni dhambi, mkono ni wangu. Niandikie mimi."

Nimehesabu. Mabakuli kumi na moja bila kujua. Hayo kumi na moja labda ningekuja kumwambia mtawa, naye angenihurumia.

Lakini kuna la kumi na mbili. Lile la jana. Chupa niliiona kwa macho yangu. Matone niliyaona yakidondoka. Nilijua ni nini, na ungeniuliza jana hiyo hiyo ni siku ya ngapi ningekujibu, ya thelathini na nane. Nikainua kijiko nikanywa. Na nusu ya bakuli nikanywa ndipo nikaanza kumpigia kelele. Nilitaka kumwona Khai tena, Mama. Nilijua akiisha mdomoni nitarudi kuwa mbao.

Sina la kujitetea. Sijamwambia mtu mwingine. Unaweza kumwuliza mtawa kama kuna la kufanya. Mimi naendelea na mboga, siku zilizobaki, kama zina maana yoyote. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Nhan


Bangkok, Aprili 19, 2004

Mama,

Shikamoo. Leo ni siku ya arobaini na tisa.

Sijapata barua. Najijibu kwamba ni Mwaka Mpya wa huku, posta ilifungwa siku tatu na watu walikuwa barabarani wakimwagiana maji. Nimevuka mtaa mmoja kwenda kazini nikalowa mpaka viatuni. Mzee mmoja alinipaka unga mashavuni akanitakia heri. Nikamshukuru.

Asubuhi nimekwenda hekalu dogo nyuma ya hoteli. Nimewasha ubani. Nilidhani leo nitahisi kitu chochote, kwamba amefika, au kwamba hakufika. Nimekaa saa moja na nusu. Miguu ilikufa ganzi, nikainuka.

Natumaini mmefanya vizuri huko. Natumaini ukumbi ulijaa.

Kama hutaki kuniandikia tena, mwambie Baba Mdogo aniandikie kwamba uko mzima. Mstari mmoja.

Nhan


Hue, Aprili 21, 2004

Nhan mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Ukiniandikia usimtaje baba yako mdogo, hatuongei.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata tarehe kumi na tano. Nilikaa kama ulivyosema. Nikaisoma. Nikarudia pale kwenye bakuli la kumi na mbili, ili niwe na hakika kwamba nimeelewa. Ulitegemea nitakasirika. Hata mimi nilitegemea. Niliingoja hasira kama mtu anavyongoja chafya. Haikuja. Kilichokuja nakwambia wewe peke yako na uichome hii karatasi: nilifurahi.

Buddha anisamehe, nilifurahi mwanangu. Siku ile zilikuwa zimebaki nne. Hujui nilivyokuwa naamka. Nafungua jicho, kitu cha kwanza ni ile hesabu, na kila siku imepungua. Zikiisha, wanakuja kuondoa meza yake, na picha yake inapandishwa juu kule kwenye madhabahu ya marehemu wetu, kwa baba yako, babu zako, wazee wenye ndevu. Khai na wale wazee, watazungumza nini? Hapa chini anakaa na mimi. Namwambia kilichomo bakulini. Namwambia mvua imenyesha. Mimi sisikii mtu yeyote, yeye hasemi, tunaelewana.

Basi barua yako ikaniambia nadhiri imevunjika. Nikasema, kumbe. Kama imevunjika haikuwa nadhiri, na kama haikuwa nadhiri basi zile siku hazikuhesabika. Zinaanza upya. Moja.

Jumatatu, tarehe kumi na tisa, walikuja wote, Luong mbele na sinia la matunda, watu kama ishirini. Nilifunga lango. Walibisha, nafikiri. Mara hii masikio yamenifaa. Mtawa alikuja peke yake kesho yake, huyo nilimfungulia. Alisema maneno marefu, midomo ikienda. Nikatikisa kichwa. Akaomba kalamu akaandika: Dada, arobaini na tisa ni arobaini na tisa. Amekwisha kwenda. Nikakichana kile kikaratasi mbele yake. Sijawahi kumvunjia mtawa heshima maishani mwangu.

Leo ni siku ya saba. Anza na wewe, tuwe sawa. Usijilaumu hata kidogo. Ukitaka usirudi kwa yule mpishi. Au rudi. Ukiteleza tena niambie tu, tutaanza tena.

Mama yako anayekupenda


Bangkok, Aprili 29, 2004

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana asubuhi. Sikuichoma. Niliiweka mkobani, nikapanda mashua nikavuka mto kwenda kwa Bi Rampai. Nikamwomba samaki mzima, wa kupikwa kwa mvuke na tangawizi.

Akasema, "Zimeisha siku zako?"

Nikasema, "Zimeisha tarehe kumi na tisa."

Akamleta mwenyewe, akavuta kiti akakaa. Hajawahi kukaa na mteja, wahudumu walikuwa wakichungulia mlangoni. Nilimla yule samaki upande mmoja, nikamgeuza, nikala upande wa pili. Hakuwa mtamu sana. Bi Rampai alikuwa akinitolea miiba.

Mama, sikuteleza. Ninakuandikia nikiwa na akili zangu zote: hapana. Sianzi upya.

Si kwa sababu simpendi. Ungejua nilivyotaka kukubali! Nilipofika pale ulipoandika tutaanza tena, moyo wangu uliruka. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Kila nikifika siku ya arobaini ningetafuta mpishi wa kunitilia matone mawili, nikuandikie, tuanze. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka unazeeka na mimi nazeeka, na Khai amesimama mlangoni na viatu vyake mguuni, hatumwachi atoke wala hatumwachi akae. Ndipo nikavuka mto.

Uliniuliza kwa nini nilikaa siku tano. Hukuuliza, lakini uliandika mara mbili. Niliondoka kwa sababu sikuhisi kitu na niliogopa utaniona. Nilikuwa nakutazama jikoni ukikata mboga na uso umekauka, nikafikiri, Mama anaumia na mimi hapa kama gogo. Kumbe na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Tulikaa nyumba moja kila mtu anamficha mwenzake kwamba hana machozi.

Mtawa yuko sahihi. Amekwenda. Amekwenda na sisi tulikuwa tunahesabu. Nampenda na amekwenda.

Kazi yangu imekwisha. Bi Rampai nimemweka namba moja kwenye orodha, sufuria lake ni safi. Nitafika Hue Jumamosi, Mei 15. Bi Hanh nimemwambia nakaa mwezi mzima, akipenda asipende. Jumapili asubuhi tutapandisha picha, wewe upande mmoja, mimi upande mmoja, kwa sababu kile kioo ni kizito. Mwite Baba Mdogo, mwombe radhi. Jioni tutakula, na sili tofu.

Ukikasirika, kasirika. Nitakukuta hapo hapo.

Mwanao,
Nhan


Hue, Mei 6, 2004

Nhan,

Marahaba. Mgongo unauma.

Nilikasirika. Siku ya kwanza yote nilikasirika, nikakuita majina ambayo sitayaandika. Siku ya pili niliacha kutenga bakuli asubuhi, nione kutakuwaje. Mchana nililitenga. Jioni sikulitenga.

Luong nimemwomba radhi. Alilia tena, huyo mtu ana maji mengi. Atakuja Jumapili na ngazi.

Leo nimekwenda soko la An Cuu kumwekea oda Bi Xuyen, anitengee samaki wa siku hiyo. Tangu lile lori sijapita upande wa samaki. Aliniona akaacha wateja wote. Nikamwambia, Nhan anakuja. Akafurahi, akaniuliza kitu, sikusikia. Basi akaniinulia vidole, kama anavyofanya miaka yote ukija nyumbani, anikatie wa watu wangapi. Vitatu.

Nilivitazama. Bi Xuyen alishtuka mwenyewe lakini mkono ulibaki juu, maskini, hakujua aushushe vipi. Nikakishika kidole chake kimoja, nikakikunja.

Mama yako